Kidude cha Sikio la Baba

Kwa Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Shemeji pamoja na wapwa zangu wawili. Natumaini mgongo wako umepata nafuu baada ya zile zamu za kusimama kutwa nzima wodini, na kwamba yule mdogo ameacha kukohoa. Sisi huku tu wazima wa mwili. Baba anakula vizuri, anatembea mpaka kona ya duka la mikate na kurudi bila kupumzika, na presha yake, kwa maneno ya daktari, ni ya kijana. Mimi nami sijambo, ukinitazama kwa nje.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Sababu ni kwamba simu ya nyumbani sasa anaishika Baba, na kila kinachoingia au kutoka anakisoma kwa miwani yake, herufi moja moja. Kazini nako unamjua bosi wangu, Mama Nakala: huwezi kuandika mistari miwili bila yeye kuja kuchungulia begani akiuliza kama hiyo ni kazi ya mteja. Basi nimekaa kwenye benchi nyuma ya duka, saa ya chakula cha mchana, karatasi nimeiweka juu ya boksi la rimu za karatasi za duka. Mwandiko wangu umeharibika kwa kuzoea kupiga chapa. Nivumilie.

Kazi inakwenda hivyo hivyo. Tumeletewa mashine mpya ya kutoa nakala ambayo inalalamika haina karatasi ilhali imeshiba mpaka droo haifungi. Fundi akifika mlangoni inanyamaza na kufanya kazi kama mtoto aliyemwona mwalimu. Akiondoka, inaanza tena. Juzi mteja aliegemea kioo chake akisubiri chenji, ikatoa nakala ishirini za kiwiko. Mama Nakala alitaka alipie.

Sasa nikupe habari ya yule mtoto wa mbwa, maana naona kwenye simu tulikupa picha tu. Mbwa wa kinyozi wa jirani alizaa watano, na kinyozi akamwambia Baba achague mmoja wa kumtoa upweke. Nilikataa. Nilisema nyumba yenyewe vyumba viwili, nani ataokota kinyesi? Baba akatoka, akarudi na mmoja wa rangi ya majivu kifuani mwa koti, amefunga vifungo vyote, kichwa tu kimetoka nje. Siku ya kwanza tu akala risiti zote za wiki zilizokuwa mfukoni mwa suruali yangu, ndipo Baba akamwita Risiti. Baada ya hapo alikula kandambili yangu ya kushoto, kisha akaingojea nyingine ya kushoto, akaila nayo. Rimoti ya televisheni aliitafuna kitufe cha kuongeza sauti. Kile cha kupunguza alikiacha kizima. Nilimchukia kwa siku nne hivi, halafu nikajikuta namnunulia mifupa.

Lakini alikuwa na kazi yake, Dada, na hili sikuwahi kukuambia. Kabla hujatuma kile kifaa cha kumsaidia Baba kusikia, Risiti ndiye aliyekuwa sikio lake. Mtu akibisha hodi, alikimbia mlangoni, akarudi, akamlamba Baba mkono, akakimbia tena. Hakuna aliyemfundisha. Baba akawa anafungua mlango kabla mgeni hajabisha mara ya pili, na watu mtaani wakaanza kusema mzee amepona.

Halafu kikaja kile kifaa cha kusikia. Ulifikiri utakuwa umemaliza kazi kwa kukinunua, kumbe ulitupa sisi kazi! Kijitabu cha maelezo kina herufi za kusomwa na siafu. Betri zake ni ndogo kama punje za dengu, na mbili za kwanza zilidondoka tukazitafuta kwa magoti. Halafu kifaa kikataka kuunganishwa na simu, simu ikataka neno la siri. Baba akachagua jina la mbwa. Kila alipolisahau, nilimkumbusha kwa sauti kubwa, na Risiti akaja mbio akidhani ameitwa kula. Nadhani mtaa mzima unalijua neno letu la siri. Kikiwa karibu na mto kilipiga mluzi, Baba akakiita Mpelelezi, akasema kinamtonya kila siri ya nyumba. Wiki ile alicheka kuliko nilivyomwona akicheka tangu Mama atutoke. Alisimama jikoni akisikiliza maji yakichemka. Alisema alikuwa amesahau kwamba maji husema kitu.

Sasa gitaa. Unakumbuka nilivyoanza, miaka sita iliyopita, baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikanunua kwa kinyozi lile gitaa lililokwisha kutumika. Kila jioni nilikaa mbele ya Baba nikapiga, na yeye, mwalimu wa kwaya wa miaka thelathini, alinitazama vidole, akapiga mguu chini taratibu, mwishoni akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuwa akisikia, nalijua hilo, lakini nilijiambia kwamba mwalimu anaona. Sijui kama unanielewa. Mimi ni mtu wa kutoa nakala za vyeti vya watu wengine. Kile kichwa cha Baba kilichotikisika ndicho kilikuwa cheti changu.

Jioni ya kwanza aliyovaa Mpelelezi nilimpigia ule wimbo wangu mzuri, wote, mwanzo hadi mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole sana kama nyuzi zimelegea, au kama huu ni wimbo mwingine tofauti na ule niliokuwa nikiutaja. Alipoona uso wangu akajaribu kunifariji, na faraja yake ndiyo iliyonimaliza: akasema miaka yote sita alikuwa akifuata vidole vyangu na kujiimbia mwenyewe kichwani, na huko kichwani mwake nilikuwa nikipiga vizuri ajabu.

Toka siku ile alianza kunifundisha. Nirudie. Nimechelewa. Nimeruka. Nina miaka arobaini na tatu, Dada, nikawa mtoto wa darasa la pili, tena mbele ya mbwa. Nikirudi kazini nilijikawiza njiani. Leo najua kwamba upigaji wangu ulianza kupata nafuu, hata kinyozi alisema, lakini wakati ule sikutaka nafuu, nilitaka kusifiwa.

Ndipo ikaja sherehe ya kumuaga mkuu wa shule aliyestaafu, rafiki yake Baba. Kinyozi na mimi tuliombwa tupige wimbo mmoja. Baba akasema atakaa mstari wa mbele kabisa, kwa kuwa sasa anasikia. Alipiga pasi shati lake mwenyewe siku mbili kabla.

Yaliyofuata Baba alikuandikia: kwamba siku moja kabla ya sherehe aliingia kuoga, akakiacha kifaa dirishani ndani ya kasha la miwani, akatoka hakukikuta, na kwamba Risiti alikuwa amekila. Ulimjibu vizuri mno. Ulimwambia asimpige, mnyama hajui. Hakumpiga. Alimfungua kinywa, akatazama ndani, akakifunga. Kisha akamfunga kwa kamba kwenye bomba la uani. Risiti alilia mchana kutwa. Baba hakumsikia. Niliyemsikia ni mimi.

Kwenye sherehe nilipiga. Ubeti wa pili nilipotea, kinyozi akanifunika kwa sauti yake, watu wakatazama sahani zao. Wimbo ulipoisha Baba alisimama peke yake, akapiga makofi, akawageukia watu kama mtu anayeonyesha mwanawe aliyefaulu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumapili yake alimpeleka Risiti kwa yule muashi anayejenga ukuta wa zahanati. Alisema hawezi kukuruhusu ununue kitu cha thamani namna ile mara ya pili, kisha kiishie tumboni mwa mbwa. Alimbeba ndani ya lile koti, lakini safari hii vifungo havikufunga, mbwa amekua. Aliporudi alihamisha kiti chake. Sasa anakaa ameuelekea mlango, mlango tumeuacha wazi, na kutwa anautazama asije mtu akabisha na yeye asijue. Shati la sherehe amelitundika msumarini, hajalifua.

Halafu juzi ukatuma ule ujumbe. Kwamba umeirudisha likizo yako, huji tena mwezi ujao, utachukua zamu za mwenzako ili upate kifaa kingine. Baba aliusoma mara mbili, akanipa simu niusome. Miaka minne hajakuona. Alifuta miwani, akasema kwa sauti ile kubwa ya mtu asiyejisikia kwamba amekuwa mzigo kwa watoto wake. Nilikuwa nimeshika kijiko. Nilikiweka chini, nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara tatu kama mwendawazimu.

Dada, Risiti hakula kitu.

Mimi ndiye niliyekichukua. Baba alikuwa bafuni akiimba, hajisikii mwenyewe lakini anafurahi. Nilipita karibu na dirisha, nikaliona lile kasha, nikakitoa kifaa nikakitia mfukoni, kasha nikaliacha wazi. Nilijiambia ni kwa siku moja tu, sherehe ipite, asinisikie nikikosea mbele ya watu, kisha nitakirudisha nyuma ya kabati na kusema kilidondoka. Hata uongo nilikuwa nao tayari. Lakini alipotoka akaanza kukitafuta chini ya godoro, chini ya mito, kwa magoti, mzee wa miaka sabini na sita, na akaniinulia uso kuniuliza, nikashindwa kuuvumilia uso ule. Risiti akaingia wakati huohuo akitafuna kifuniko cha chupa. Nikanyoosha kidole. Sikusema hata neno, Dada. Baba mwenyewe akamalizia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika wiki ya tatu. Mara ngapi nimetaka kukirudisha nikashindwa! Nikisema nimekiokota, nitashukuriwa, na mbwa atakuwa amefukuzwa bure, na mimi nitakaa mezani nikishukuriwa. Nilikwenda kwa muashi kumwomba anirudishie Risiti. Watoto wake wamempa jina jingine, na nilipomwita kwa lile la kwanza alikuja mbio, akanilamba mkono, akarudi kwao. Sikuthubutu kusema zaidi.

Jumapili iliyopita nilijikaza. Nilikaa mbele ya Baba nikamwambia yote, kuanzia dirishani hadi kwa muashi. Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida. Niliinamisha uso asinisome midomo. Nilipomaliza aliweka mkono juu ya kichwa changu, akasema anajua namkumbuka yule mbwa, hata yeye anamkumbuka. Kisha akaniomba nimletee gitaa nimpigie. Nilipiga, naye akapiga mguu chini, akatikisa kichwa kama zamani. Sijawahi kujidharau kama nilivyojidharau jioni ile, nimemkiria dhambi mtu niliyemziba masikio kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa hiyo nakuandikia wewe kwanza, kwa sababu wewe ukishajua sitakuwa na pa kurudi nyuma. Usinunue kifaa. Nenda kaichukue tena likizo yako kabla hawajaigawa. Kifaa ni kizima, kipo kwenye droo yangu hapa kazini, chini ya wino wa mashine, na betri nimeshaibadilisha. Sikuombi unitetee kwa Baba, wala usinitumie maneno ya kunipoza. Nayajua maneno yako, tangu utoto umekuwa ukinifuta machozi hata pale niliponyang'anya. Safari hii niache.

Mpe Shemeji mkono wangu. Wapwa zangu wabusu, yule mkubwa mwambie stempu anazokusanya nimemwekea tano, nimezitia humu ndani ya bahasha. Jirani kinyozi anakusalimu, na Mama Nakala pia, kwa namna yake.

Jambo la mwisho. Jumamosi ya kwanza baada ya kuipata barua hii, saa nne asubuhi, piga simu ya nyumbani. Usitume ujumbe, piga. Mimi saa hizo nitakuwa kazini, Baba atakuwa peke yake na simu itakuwa mezani. Akiipokea na kukuitika, ujue nimemvalisha kifaa sikioni kwanza, ndipo nikasema. Ikilia mpaka ikakatika, usimkasirikie yeye, na usinipigie mimi. Panda basi uje umwambie mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako wa pekee,
ninayeona aibu hata kuandika jina langu hapa.