Mutu wa Ng'ambo

Papa,

Ni mimi, mama yako mudogo. Niko Kibua, nimekaa mu kiti yako ya kamba, ile ulikatazaka watu kukalia. Siku hizi ni kuku njo wanailalia. Nimewafukuza, nimepangusa, nimekaa. Ukikasirika, kasirika tu, nitafurahi.

Hapa kwetu kila mwanamuke anaitwa mama, lakini wewe uliponiita Mama ulimaanisha mama kweli, juu nilibeba jina ya mama yako. Ulikuwa unaniomba ruhusa ya kuvuta tumbaku, mimi mutoto wa shule ya primaire, na nilikuwa ninakukatalia, na unaitika «Ndiyo Mama», kisha unaenda kuvuta nyuma ya nyumba. Tangu uende hakuna mutu ananiomba ruhusa ya kitu. Ninakukumbuka, Papa. Wengine wanasema itapungua. Bado.

Habari za hapa: kaka Innocent njo anafunga madaraja ya kamba sasa. Panga yako iko mukononi mwake, na ameanza kutembea kama wewe, mabega mbele, hata hajui. Mihogo ya nyuma ya nyumba imezaa. Njia ya Masisi ingali matope, piki-piki zinabebwa na watu. Na Mujomba Batachoka, shemeji yako, alikimbia kijiji yake Muheto wakati wa risasi na sasa anaishi hapa hapa, mu chumba yako. Ndiyo. Analala mu kitanda yako. Najua ungesema nini.

Lakini mbele ya hayo, nikueleze kwa nini sikukulilia.

Innocent aliponiita mu simu akasema umetutoka, nilisema «Aksanti kwa kunijulisha», sawa vile karani wa biro. Alituma picha ya kaburi. Sikuifungua. Watu wa hapa walisema Espérance amekuwa na roho nguvu, baridi ya Ulaya imemuingia. Lakini si wewe njo ulinilea hivyo? Kila mara nilipokuja mbio na habari, mbuzi ya jirani imekufa, maji imebeba daraja ya chini, uliuliza neno moja tu: «Uliona, ao balikuambia?» Kama niliambiwa, ulinirudisha palepale niende nione kwa macho yangu, hata mu mvua. Basi kufa kwako mimi niliambiwa tu. Nilikaa nayo vile, kama mutu anashika kitu ya wengine.

Unakumbuka vile daraja ilikuwa inafunguliwa? Mimi ninakumbuka yote. Ulikuwa unaingia pori kukata kekele, zile kamba za pori, unaziloweka, unasokota, unafunga kutoka muti hadi muti juu ya maji, na ukimaliza hakuna mutu anavuka. Hata wewe. Unatuma mutu Muheto kumuita Mujomba Batachoka. Mutu wa milima, anapanda maharagi, anaogopa maji kama paka, na tena hakupendi! Alikuwa anasema wazi dada yake aliolewa na nyani wa pori. Na wewe ulisema hiyo njo maana unamuita: «Mwenye kufunga haangalii. Anayeangalia ni mutu wa ng'ambo. Huyu hanipendi, atatafuta kosa na roho yake yote.» Mujomba alikuwa anatambaa juu ya daraja na magoti, anavuta kila fundo, anatetemeka, anatukana maji, anakutukana wewe. Akiona kosa, unafungua, unafunga upya, hausemi kitu. Akikosa kosa, anasimama ng'ambo na uso mubaya na anasema, kama mutu anayetolewa jino: «Kosa hakuna.» Hapo unavuka wa kwanza, mimi juu ya mabega yako, nikishika masikio yako. Kisha unamuchinjia kuku. Paja yake, kwa sababu hakuona kitu!

Nilipofika kule ng'ambo ya bahari na kupata kazi mu kiwanda ya ndege, zile kubwa za kubeba abiria, wewe njo mutu wa kwanza niliyemuita mu simu. Uliuliza kama watu wakiwa ndani wanaruhusiwa kutembea. Nilisema wanatembea, wanaenda hata choo. Ukasema, «Basi mufunge vizuri, Mama.»

Nilianza kwa kupiga misumari ile inabana mabati ya ndege. Kisha walinipa tochi na muhuri. Kazi yangu ikawa kuangalia ukuta ya nyuma kabisa, kule mukiani, ukuta inayoshika hewa ndani wakati ndege iko juu sana. Ikipasuka ile, Papa, hakuna mutu anabaki wa kuongea. Ninaangalia kila tundu, kila musumari, kisha ninatia muhuri, na wengine wanafunika na povu ya kuzuia baridi na plastiki na choo, na hakuna mutu ataiona tena kwa miaka.

Siku moja uliniuliza, «Na kwenu mutu wa ng'ambo ni nani?» Nilikueleza kwamba iko serikali, na serikali njo inatoa ruhusa ndege ibebe watu. Lakini watu wa serikali ni kidogo, basi wanachagua watu wa kiwanda wenyewe waangalie pa nafasi yao. Hawa wanavaa jina ya serikali, wanalipwa na kiwanda. Ulicheka mupaka ukakohoa. «Basi shemeji anakula kwa mwenye daraja!» Nilicheka na wewe. Ningejua nilikuwa ninacheka na wewe mara ya mwisho, ningechelewesha kukata simu.

Maana wiki ile njo jambo ilitokea, na hii hadithi haujaisikia. Nilikuwekea hadi Jumapili, siku ya Mungu, siku yetu ya simu. Innocent aliniita mbele siku ya Mungu haijafika.

Iko hivi. Nilifika kazini, nikakuta ndege moja imefunikwa tayari kule nyuma. Povu, plastiki, kila kitu. Lakini nafasi ya muhuri yangu ilikuwa tupu. Shefu wa kazi alikuja, mutu wa heshima, si mubaya, anajua jina ya watoto wa kila mutu. Akasema watu wa zamu iliyotangulia waliiangalia, iko sawa, nitie muhuri ndege isogee, zingine zinangoja. Nilishika muhuri. Wallahi Papa, mukono ilikuwa inashuka. Na nikakusikia nyuma ya sikio yangu: «Uliona, ao balikuambia?»

Nilisema wafunue.

Eh! Walifunua, lakini namna gani! Kazi ilisimama mustari muzima wa ndege. Watu walikaa juu ya masanduku wakiniangalia. Mumoja alipiga saa yake kwa kidole. Niliingia na tochi, niliangalia tundu kwa tundu, nikitetemeka sawa Mujomba juu ya maji. Na unajua nilipata nini? Hakuna. Ukuta ilikuwa muzima. Nilitoka nikasema kwa luga yao, kosa hakuna, na nilitabasamu kama mujinga, juu mu kichwa yangu pale mutu anapaswa kukimbilia kuku.

Hakuna aliyekimbia. Shefu alisema taratibu, «Unaona? Umetupotezea siku yote.» Kesho yake walinituma mu depo, stoo ya vyombo vya kazi, kuhesabu na kupangusa. Tochi walimupa mwingine, kijana mwepesi, anatia muhuri akitembea.

Njo ile nilitaka kukuambia. Nilitaka uniambie kama nilifanya vizuri ao nilikuwa na kiburi. Wenzangu walisema ni kiburi. Mimi mwenyewe, mu depo, nilianza kufikiri labda ni kiburi. Kisha simu ikalia, ilikuwa Innocent, si wewe.

Nilipoomba ruhusa ya kuja, shefu alinipa bila neno. Akasema pia, nikirudi, nafasi yangu ya tochi iko, ananihitaji. Lakini nijifunze kuamini wenzangu. Akiniambia wenzangu wameona, basi wameona. Nifikiri nikiwa nyumbani, nimupe jibu. Hii jibu nimeibeba njia yote, Papa, nzito kupita sanduku. Kazi ile naipenda. Sijui kazi ingine. Na watoto wa Innocent wanasoma kwa mushahara ya kazi ile.

Nilipanda ndege. Moja ya zetu, niliijua kwa umbo ya mulango. Watu walipolala nilienda choo ya nyuma, nikaweka kiganja kwa ukuta. Nyuma ya ile ukuta njo iko ukuta yangu. Nilikaa pale nikisikiliza, sijui nini. Dada wa ndege aligonga akauliza kama niko mugonjwa. Nilirudi nikipita katikati ya watu, watoto wamefungua midomo, wazee wamevua viatu, mama moja ananyonyesha. Wote mule ndani tuliambiwa tu. Hata mimi.

Uwanja ya ndege ya Goma ingali imefungwa, basi nilipitia Kisangani, na kutoka pale ni piki-piki, na matope, na barrière za njiani, na matope tena. Nilifika Kibua nikiwa rangi moja na njia.

Kaburi yako iko ng'ambo ya muto, karibu na mama yako. Daraja ya kwenda kule Innocent ameifunga upya, nzuri, imekazwa. Jana asubuhi alinipeleka. Alisimama pale kwa muti, akapiga kamba na kiganja, akasema, «Iko muzima dada, vuka tu.»

Mimi nikasema, «Nani aliangalia?»

Wamama na vikapo vya mihogo walikuwa wanasubiri nyuma yetu, wakamuangalia. Innocent akasema, «Watu wanavuka kila siku.» Nikasema sikuuliza hiyo. Akasema Mujomba macho yake imekufa, anaona kivuli tu, ataangalia nini? Nikarudi nyumbani. Innocent alipiga kelele nyuma yangu kwamba nimetoka mbali yote ile kuja kumuaibisha mbele ya watu. Nilisikia mabaya, Papa, ilikuwa ile kiwanda tena, watu walewale wamekaa juu ya mizigo wakiniangalia.

Mujomba alikuwa mu kitanda yako. Nilipomwambia, alikaa. Akasema, «Tangu afe hakuna aliyeniita. Bananiona mutu mubaya wa kutafuta makosa ya batu.» Kisha akaomba fimbo.

Alitambaa juu ya daraja, Papa. Na magoti yale ya uzee. Hakuhitaji macho, alipitisha vidole mu kila fundo, chini na juu, alivuta, alinusa hata, alitukana maji vizuri kabisa, alimutukana Innocent, na nyani wote wa pori. Innocent alisimama na mikono kifuani, na niliona shingo yake inatoka jasho. Wamama waliweka vikapo chini. Kazi ilikuwa ndefu. Mujomba alifika ng'ambo, akashika muti, akasimama na ile uso yake.

«Kosa hakuna.»

Innocent alilia! Kaka yangu mukubwa, mbele ya wamama. Alikaa chini kabisa. Nafikiri hakuwahi kujua, tangu uende, kama anafunga vizuri. Watu walikuwa wanavuka tu, na yeye alikuwa anawaangalia wakivuka, kila siku, peke yake na hofu yake. Alivuka wa kwanza na mutoto wake mudogo mabegani, na mimi nyuma.

Kisha tulipanda kwako. Ni udongo imeinuka, imeota majani kidogo, na musalaba ya miti mbili, Innocent aliifunga na kekele. Nilisimama tu. Nilikuwa nimefika na bado kitu ndani yangu kinasema labda si kweli, labda. Mujomba alipiga magoti. Nilifikiri anaomba. Kumbe anatafuta. Alipapasa udongo kutoka kichwa hadi miguu, polepole, akapata musalaba, akashika fundo, akavuta, akalizungusha na vidole vyake. Alikawia pale. Kisha akasema, lakini bila ile uso mubaya, akasema kwa sauti ya chini:

«Kosa hakuna, shemeji.»

Hapo njo nililia. Nililia yote, ya siku ya simu, ya depo, ya kila siku ya Mungu niliyoshika simu kwa mukono bila kuwa na wa kuita. Mujomba alinishika muguu, kwa sababu njo alichofikia.

Papa, shefu nitamujibu kesho, nikipanda pale kilima simu inaposhika. Nitamwambia ninarudi na tochi yangu, na wakifunika kabla sijaona, watafunua. Akikataa, basi nitapangusa vyombo, ao nitatafuta kingine, na watoto wa Innocent tutaona namna. Nakuahidi hii. Mukono yangu haitashuka juu ya kitu nimeambiwa. Na siku nikikosa kosa na wakininunia, nitapika kuku mwenyewe nikule peke yangu.

Hapa tumechinja mumoja wa wale kuku wa kiti yako. Paja tulimupa shemeji yako. Amekula, amelala mu kitanda yako, anakoroma. Muache.

Uvute tumbaku yako, nimekupa ruhusa. Kwaheri, Papa yangu. Nimeona.

Mama yako mudogo,
Espérance