Jicho Langu Ghorofa ya Tisa

Hotelini, Dar es Salaam
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Mke wangu mpenzi, Mama Leonsia,

Pokea salamu zangu zote, zile ulizozizoea na hizi mpya nilizojifunza huku kwenye lifti, ambako watu wasiojuana husalimiana kwa kutazama viatu. Mimi ni mzima, ukiliacha jicho, na habari za jicho zinakuja. Wewe hujambo? Goti linasemaje na baridi ya Mgeta? Mbuzi amezaa? Kama amezaa jike, usimwahidi mtu mpaka nirudi.

Usiishangae karatasi. Ni ya hoteli, inakaa mezani na kalamu yake, na mgeni anaruhusiwa kuitumia. Ni nzito kama cheti chetu cha ndoa. Nimechukua sita. Moja ndiyo hii, tano utazikuta kwenye begi.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Mama Leonsia, simu yako unaiweka sauti kubwa. Jumanne nilipopiga, jirani yetu Mama Teodori alinijibu kabla yako. Mambo ya leo si ya Mama Teodori. Kwa hiyo barua nampa Fidelis, yule dereva wa Fuso la kabichi, akutie mkononi wewe mwenyewe. Na wewe uliyezoea kusoma masomo kanisani mbele ya waumini wote, hili somo lisome peke yako.

Nalisema jambo lenyewe sasa hivi, lisije likanikaba. Jumanne nilikudanganya. Nilikwambia daktari wa macho ameahirisha. Daktari hakuahirisha kitu. Ni mimi ambaye sikwenda.

Ngoja kwanza. Ukikasirika kabla hujasikia habari za kitanda utakosa uhondo.

Mpwa wangu Konsolata, kama ujuavyo, anafanya kazi ofisini katika hoteli hii, na kila mwaka hupewa siku saba za kumlaza ndugu yake bure. Wenzake wanaziweka kwa ajili ya fungate. Yeye akasema mjomba ndiye aliyenisomesha, basi mjomba alale pazuri wakati anatolewa mtoto wa jicho, hospitali yenyewe iko mtaa wa pili. Akanipa zote saba. Nilipofika Jumapili alinipokea mlangoni na sare yake, akapiga goti mbele ya wageni wote. "Shikamoo mjomba." Nikaitikia "Marahaba mwanangu" kwa sauti ya kutosha, ili wageni wajue ni nani amefika.

Chumba kiko ghorofa ya tisa. Ufunguo ni kadi. Kitanda kina mito sita, na jioni ile nilikaa nikijiuliza wenzangu watano wanakuja saa ngapi. Kiyoyozi ndicho nilichokipenda zaidi. Watu wa Dar hukiwasha kwa kukimbia joto, mimi nilikiwasha kwa kukumbuka nyumbani. Nikakishusha mpaka mwisho, nikavaa sweta, nikawa niko Mgeta kabisa, ila hapakuwa na mtu wa kuniambia nivue viatu. Maji ya moto yanatoka papo hapo, hakuna kuchochea kuni. Jumapili nilioga mara tatu, na sikuwa na uchafu wa kiasi hicho.

Ubaya nao upo. Dirisha ni kubwa kama ukuta lakini halifunguki, hewa unaletewa kwa bomba. Bafu ni la kioo, kutoka kitandani unaliona lote. Aliyelijenga hakuwa na mama mkwe. Wali ni mweupe na umesimama vizuri, lakini haunukii. Mchele wa Dakawa mimi naujua kabla sufuria halijafunuliwa, huu nilikula sahani nzima nikiusubiri uanze. Na karoti, Mama Leonsia, wanazichonga maua. Nikamwomba mpishi anionyeshe moja nzima. Akasema hizi zinatoka nje ya nchi. Nikamuuliza za Mgeta zimekosa nini.

"Mzee, za kwenu hazilingani ukubwa."

"Na watoto wako wanalingana?"

Akacheka, akaniongezea soseji. Lakini karoti hakubadilisha.

Sasa sikia kosa langu la kwanza. Asubuhi ya kwanza nilitandika kitanda, nikakausha bafu, nikakunja taulo, maana mama wa watu hawezi kuja kufuta nyayo zangu na mimi nina mikono. Jumatatu akaingia dada wa usafi, mtu mzima wa makamo, akasimama katikati ya chumba na ndoo yake.

"Mzee, jana ulilala wapi?"

"Hapa hapa."

"Msimamizi akiona hivi atasema mimi sina kazi. Vuruga kidogo."

Nikaomba radhi, nikavuruga mito miwili. Akaniuliza mimi mtu wa wapi. Nikamwambia Mluguru, wa Mgeta. Akaiweka ndoo chini taratibu. "Mimi Kalunde. Mnyamwezi wa Tabora."

Unajua mwenyewe kilichofuata, heshima iliishia pale pale. Akasema ndiyo maana, Mluguru akipewa kitanda anakiogopa. Nikamwambia babu yake alipita kwetu na mizigo ya watu kichwani, tukampa maji, na kibuyu hajarudisha mpaka leo. Tukataniana mpaka akamaliza kazi. Wakati wa kutoka akaichukua kofia yangu pale mezani, ile aliyoninunulia Leonsia, akaivaa, akaondoka nayo. Mtani akichukua amechukua, nami ningesema nini?

Jumanne ndiyo siku yenyewe. Konsolata alikuwa anipitie saa tatu. Saa moja nikashuka kunywa chai, na pale kwenye meza ya vyakula nikakuta sahani ya mayai ya kuchemsha, yamemenywa, yamelowa, yanang'aa, yananitazama. Nikamkumbuka mzee Aloisi. Aloisi aliniambia siku ile tunapalilia njegere kwamba wanalitoa jicho, wanaliweka kwenye sahani, wanalifuta, halafu wanalirudisha, na wakiwa na haraka hulirudisha limegeuka. Nilikuwa nimemcheka. Mbele ya yale mayai sikumcheka tena. Nikarudi juu, nikatundika mlangoni kile kibao cha USISUMBUE, nikajifungia. Konsolata alipopiga simu ya chumbani nikamwambia ni tumbo. Halafu nikakupigia wewe.

Jumatano ikawa tumbo tena. Mtoto wa watu akaniletea uji mwenyewe. Nikaupokea kwa mlango uliofunguka kidogo, kama mtu anayedaiwa kodi. Aliniambia dirisha la chumba hiki ndilo alilonichagulia, maana bahari yote inaonekana. Nikamwambia naiona, nzuri sana. Nilikuwa naona weupe tu, kama kuchungulia ndani ya gunia la unga. Jicho la kushoto lilikwishafunikwa lote, la kulia linafifia, na mimi nimejifungia ndani ya zawadi ya mtoto nakula biskuti. Nilijionea aibu, nakwambia kweli. Lakini kibao sikukitoa.

Alhamisi Kalunde akaja mlangoni.

"Mluguru, u mzima?"

"Tumbo."

"Tumbo gani linalomaliza biskuti? Dada Konsolata kaniambia kuhusu jicho. Unaogopa."

Nikarudi kitandani. Nikadhani ameondoka. Kisha nikasikia mtu analia. Nikaweka jicho kwenye kile kitundu cha mlango, nikaona ukungu. Lakini masikio yangu ni mazima, na kilio nilikitambua. Ni kile kilio cha watani msibani, cha kumsema marehemu vibaya mpaka wafiwa wacheke.

"Jamani Mluguru wangu. Amefia ghorofa ya tisa, mbali na kabichi zake. Hakuuawa na ugonjwa, ameuawa na woga. Ameacha mito sita yatima. Ameacha mke mlimani, mke wa watu uso wake hajauona sawasawa miaka mitatu, amekwenda bila kuuaga."

Alikuwa analia kwa sauti ya wastani, maana kazi anaipenda. Hata hivyo milango ilianza kufunguka. Nami nikafungua wangu. Nikamkuta amekaa juu ya zulia la hoteli, taulo jeupe amejifunga kichwani, kofia yangu ameilaza mbele yake kama ndiyo maiti, na bibi mmoja wa Kizungu wa chumba cha jirani amechuchumaa anampapasa mgongo, naye analia kweli. Kalunde akamweleza kwa Kiingereza kwamba marehemu ndiye huyu aliyesimama. Bibi wa watu alinishika mkono muda mrefu sana. Nadhani mpaka sasa hajaelewa, lakini kila tukikutana kwenye lifti hufurahi kuniona.

Bibi alipokwenda, Kalunde akavua taulo, akaongea bila utani.

"Baba, mama yangu alikataa. Aliishi miaka minane akinijua kwa mlio wa kandambili. Alikufa hajui nafananaje nikiwa mtu mzima. Nenda, baba."

Nikakaa naye chini pale pale kwenye zulia. Kisha nikampigia Konsolata, nikamwambia ukweli wote, tumbo na mayai na Aloisi. Nilitegemea anigombeze. Alisema tu, "Mjomba, ungeniambia. Ningekaa na wewe." Heri angenigombeza.

Jana Ijumaa nikapelekwa. Konsolata mkono huu, Kalunde mkono huu, naye ilikuwa siku yake ya mapumziko. Mwambie Aloisi hakuna sahani. Jicho halitoki mahali pake. Unatiwa dawa, unafunikwa uso, unasikia watu wanazungumza habari za mpira, na kabla hujamaliza rozari kazi imekwisha. Niliishika tasbihi yako kwa nguvu hadi ikaniachia alama, lakini sikulia, na kama Kalunde atasema nililia, huyo ni mtani, usimsikilize.

Leo asubuhi wakanifungua la kulia. Kwanza niliona kifungo cha shati la daktari, matundu yote manne na uzi wake. Nikarudi chumbani, nikaiona bahari ya Konsolata. Ipo kweli. Nimemwambia tena kwamba ni nzuri sana, na safari hii sikudanganya.

Kisha nikafungua simu, ile picha aliyonitumia Leonsia Jumapili, mmekaa kwake Kilakala, wewe umevaa kitenge cha bluu. Jumapili ile ile nilikuwa nimekujibu kwamba umependeza. Nilikuwa nimeona bluu tu.

Mama Leonsia, nywele zako zimekuwa nyeupe lini?

Siulizi kwa ubaya. Krismasi iliyopita nilisimama mbele ya wakwe nikasema mke wangu ni yule yule, hata unywele mmoja haujabadilika tangu tufunge ndoa. Wewe ukasema asante. Hakuna aliyecheka, si wakwe, si Leonsia, hata wajukuu hawakucheka. Ni nani aliyewanyamazisha wajukuu? Ni wewe. Miaka mitatu nimekusifia nywele nyeusi, na nyumba nzima ikaniachia, na wewe ukapokea sifa za mwanamke mwingine bila kunung'unika. Na kuna mkunjo karibu na jicho ambao haukuwepo nilipokuona mara ya mwisho. Umezeeka peke yako, mke wangu, na mimi nipo meza ile ile. Hilo limeniuma kuliko sindano yao. Daktari amenikataza kulia wiki nzima, nami nimejitahidi.

Kesho siku saba zinaisha. Nahamia kwa Konsolata, ambako nasikia kuna mto mmoja na dirisha linafunguka. Nitakaa wiki tatu, daktari aliangalie hili na apange lile la kushoto. Nimekatazwa kuinama na kubeba mzigo, kwa hiyo njegere zitangoja, na tafadhali usiseme kwamba nimefurahi. Kofia Kalunde amekataa kuirudisha. Anasema vitu vya marehemu ni haki ya mtani, na nikifufuka ni juu yangu.

Msalimie Leonsia wetu na mume wake. Msalimie dada yangu, mama yake Konsolata, umwambie amezaa mtu. Msalimie mdogo wako anayetulindia mbuzi, na mzee Aloisi, huyu mwambie nina mazungumzo naye. Mama Teodori msalimie kwa simu, kwa sauti kubwa, kama kawaida.

La mwisho, nakuomba sana. Nakujua, ukishamaliza kusoma hapa utatuma mtu dukani. Nywele usizipake piko. Ziache kama zilivyo mpaka nifike.

Ni mimi mumeo anayekuona,
Gaspari, Baba Leonsia