Gari Haipigi Tena Mugongo Yako

Bunia, siku ya posho, Jumamosi asubui

Mama yangu mupenzi,

Kavira dada yangu njo atakusomea hii barua. Kavira, soma polepole, usiruke fasi hata moja.

Mama, mugongo iko namna gani? Unalala muzuri, ao ungali unaamuka usiku kukaa ku kiti? Baridi ya Butembo naijua, na najua triko nilituma hauivai, umeifunga mu sanduku. Siye huku tuko na afya. Bibi yangu Kahindo anakusalimia. Mutoto wetu Masika ameanza kutembea, anashika ukuta na kucheka peke yake. Iko na uso yako kabisa. Watu wa hapa wanauliza amefanana na nani, na mi nashindwa kuwaonyesha.

Tangu ile siku nilikuja kukuchukua na gari, ukasema nikurudishe, moyo yangu haijatulia. Hatukuwa hata tumepita Maboya, pale karibu na kwetu. Ulikuwa unashika kiti na mikono mbili, kila shimo unafunga macho. Kisha ukasema: "Paluku, hii gari yako inanipiga. Siku utaitengeneza, njo nitakuja kuona mutoto." Nilikurudisha nyumbani, na njia yote ya kurudi Bunia nilikuwa naangalia fasi yako kule nyuma, na nikalia, mi mutu muzima wa ndevu. Kavira, usicheke.

Basi, nimeitengeneza. Amortisere za nyuma, zile bomba mbili zinazuia gari isirukeruke kisha shimo, zilikuwa zimekufa. Mafuta ilitoka yote. Ukivuta na mukono, inakuja bure sawa pampu ya baiskeli yenye kuharibika. Mupya zilitoka Kampala, nikazingoja miezi. Nilizifunga hapa nyumbani, mu kiwanja. Nilipandisha nyuma ya gari na kriki, nikaweka magogo chini, lakini bulo za kushikilia zile za zamani zilikuwa zimeshikana na kutu. Nilizimwangia petroli, nikangoja siku mbili, zikakataa. Nikazikata na musumeno ya chuma, vidole vikatoka damu. Kahindo alikuwa amelala chini ya gari na kikwembe yake ya shamba, ananishikia ufunguo ya kufungulia bulo, anasema: "Kama mama hakuji kisha hii kazi, mi njo nitamufuata na miguu."

Kisha tukapima. Kahindo alikaa nyuma, fasi yako, na beseni ya maji ku magoti. Tukazunguka mu njia za mashimo karibu na soko, polepole. Kurudi, maji yote ilikuwa ku nguo yake. Nilikasirika, nikasema wameniuzia vitu vibaya. Njo jirani yetu, muzee moja aliyeendesha lori miaka mingi, akainama kuangalia chini, akacheka.

"Amortisere iko muzuri, mutoto yangu. Lakini mu resori uliongeza chuma ya lori. Hii gari uliitengeneza ya maharagi, haiko ya mama."

Ni kweli. Wakati nilianza kubeba maharagi, nilifanya sawa vile wenzangu wote wanafanya: niliongeza chuma moja nene ya lori mu resori, zile chuma zenye kulaliana zinazobeba gari, ili nyuma isishuke na mizigo. Gunia haisikii mashimo. Weye njo unasikia. Na mi mutoto wako sikuifikiri hata siku moja, nikakukalisha juu ya ile chuma na mugongo yako ya kuumia. Unisamehe, Mama.

Kuitoa, ni kupunguza kazi. Magunia mingi haitapanda tena. Nilizunguka ile gari mara tatu. Kahindo alileta tu ufunguo. Tukaitoa, tukapima tena. Maji ilitingika, ikamwangika kidogo tu.

Sasa nitafika Butembo kisha juma mbili. Kama unaogopa njia, ao haupendi kuacha nyumba na kaburi ya baba, uniambie vile, nitaelewa. Lakini usiseme tena ni gari. Na usinijibu mu barua, nakuomba. Ngoja nifike.

Unisalimie shangazi yetu, na ule jirani anayekuchotea maji, Mungu amubariki.

Nikifika, upande tu, ukae nyuma, utingishe kiti, pale pale mu kiwanja yako, moteri imezimwa. Mi nitakaa mbele, nitangoja. Mugongo ikikataa, utashuka, na mi nitalala kwako siku mbili, nikule bugali ya mikono yako, kisha nirudie peke yangu. Ikikubali, usiseme kitu. Ugonge tu ku kiti yangu, nitawasha.

Mutoto wako wa kwanza, anayekutamani sana,

Paluku