Tundu Ubavuni mwa Tenga

Mjukuu wangu Anjela,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako hajambo, mguu tu unamsumbua. Mama yako mzima, shangazi yako Paskalina kajifungua salama. Mimi nipo, ila barua yako imenitia wasiwasi.

Ati wakubwa wako kazini wamekurudishia mara ya tatu kale kaprogramu ka kuchungulia ndani ya kompyuta inapoharibika, na sasa unataka kuacha kazi. Hebu subiri, mama!

Magari ya wafanyabiashara binafsi yalipoanza kupanda huku Mgeta kufuata nyanya, wanunuzi walikuwa wanazimwaga chini kutoka kwenye matenga wazione za katikati. Zinapondeka! Nikasuka tenga lenye tundu ubavuni, mtu achungulie bila kumwaga. Nikampelekea mama mkwe.

"Mkono wa mwizi hauingii hapa?" Nikalipunguza tundu.

"Tenga likipakiwa garini, tundu nani ataliziba?" Nikasuka kifuniko.

"Na kifuniko kikidondoka njiani?"

Aa! Nikamwambia, "Mama, kama hulitaki si useme!"

Akacheka. "Nisingelitaka ningekuuliza? Wewe unasuka moja. Kesho kijiji kizima kitasuka kama lako, na kosa lako litakuwa la wote."

Nilinuna, lakini nilikifunga kifuniko kwa kamba kwenye tenga lenyewe.

Sasa niambie, safari hii wamekuuliza nini hao wakubwa wako? Umewajibu, au umenuna tu? Tuma ujumbe leo hii kwenye simu ya mama yako, maana hata ugali haunishuki.

Bibi yako