Niliwaosha kwa Maji ya Bomba

Nyanchwa, Kisii
14 Juni 2025

Mpendwa dada Adhis,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya huku. Mguu unaendeleaje? Natumaini uvimbe umeshuka na kwamba umeacha kusimama saluni kutwa nzima, ingawa nakujua. Mimi ni mzima na ninakula vizuri, kwa hiyo usiulize.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungeulizia bakteria wangu, nami ningekudanganya.

Unajua kazi yetu ya maabara ni kupima bakteria wa mizizi ya maharagwe wanakula sukari kwa kasi gani. Tunawaweka kwenye maji ya sukari, kila nusu dakika tunachota kidogo, tunachuja, tunaosha sukari ya nje, kisha tunapima iliyoingia ndani yao. Maji ya kuoshea lazima yawe ya barafu, ili waache kula papo hapo.

Sasa, mwenzangu Bravin aliwaosha bakteria waliotoka mashamba ya Nyacheki kwa maji ya barafu. Mimi nikawaosha wale wa mashamba ya Gesima kwa maji ya bomba. Dada, sisi tumelelewa na maji ya ziwa, ya vuguvugu. Haya ya Kisii asubuhi yanauma vidole, nikaona yanatosha kabisa. Bravin, mzaliwa wa hapa, alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe bakteria waliendelea kula huku nikiwaosha, ndiyo maana wa Gesima walionekana kula mara mbili ya wenzao, kama nilivyokwambia. Nimerudia kwa barafu mara tatu. Wako sawa tu.

Na wewe ulishasimama kanisani huko Likoni ukatangaza kwamba mdogo wako amegundua kitu cha kuwasaidia wakulima. Naona haya, dada. Uliacha shule ili mimi nisome, halafu nakuletea habari kama hii.

Madam Jacinta, mkubwa wetu, nilimwambia siku ile ile. Alifuta hesabu zote ubaoni, kisha akasema, "Afadhali umeona wewe kabla ya wakulima." Kazi bado ninayo.

Nisalimie shemeji Ogola na Gentrix wetu mdogo. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Wewe imenichukua wiki mbili kukwambia. Madam angenifuta kazi tu, ningetafuta nyingine. Niliogopa wewe utaacha kujivunia mimi.

Mdogo wako akupendaye sana,
Rispa