Sauti Iliyobaki Njia ya Sake

Jumatano, 19 Mei 2021

Mazoezi ya Makoro, bendi yetu, tena, ndani ya depo ya baba yake Gloire, kati ya magunia ya maharagwe. Gloire amekata nyuzi mbili za gitaa. Dodo amepasua ngozi ya ngoma, tumeiziba kwa utepe wa scotch. Nimepiga kelele mpaka nikaonja damu. Siku nzuri.

Mtangazaji wa redio alipita kutuuliza punk ni nini. Dodo akamjibu: akodi tatu za gitaa, mbio, na Sifa, yaani mimi, akilia kama mtu anayekanyagwa. Nimecheka. Ni kweli lakini. Sijui kuimba. Najua kulia tu, na watu wanakuja kwa sababu hiyo.

Papa, baba yangu, alikuja pia. Alikaa mlangoni juu ya gunia, vidole masikioni, anatabasamu. Amesahau jina la Dodo mara tatu. Amesahau kwamba duka lake la vitenge pale Birere liliuzwa zamani. Tangu mama afariki mambo yanamtoka kichwani moja moja. Tulirudi nyumbani nimemshika mkono. Akaniuliza: "Wale batoto banagombana juu ya nini?"

Jumapili, 23 Mei

Jana jioni mlima wa volkano ulipasuka. Mbingu ilikuwa nyekundu mpaka upande wa ziwa. Moto ulishuka ukasimama Buhene, hatua chache kutoka uwanja wa ndege. Nyumba yetu ipo. Depo ipo.

Papa anadhani ni mlipuko wa zamani, ule wa 2002. Anazunguka vyumbani akimtafuta mama ili wakimbie pamoja. Nimechoka kumwambia.

Ardhi inatikisika kila dakika chache. Vikombe vinagongana vyenyewe kabatini.

Alhamisi, 27 Mei

Amri imetoka asubuhi: tuhame. Wanasema moto uko chini yetu, hata chini ya ziwa. Gloire amevuka mpaka na wazazi wake, wako Gisenyi, Rwanda. Sisi tumeelekea Sake kwa miguu, mimi na Papa, na mji mzima. Magodoro vichwani, mbuzi, mitungi ya gaz.

Nimempoteza karibu na Lac Vert.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Jumapili, 30 Mei. Sake

Naandika sasa.

Vijana watatu walinitambua njiani. "Sifa wa Makoro!" Wakaomba foto pamoja nami. Niliachia mkono wa Papa. Nikasimama katikati yao, nikatengeneza kilemba, nikacheka. Nilifurahi. Hiyo ndiyo sehemu mbaya. Mji unakimbia na mimi nafurahi kwamba ninajulikana. Nilipogeuka hakuwepo.

Niliita "Papa!" Wanaume wote wakageuka. Hapa kwetu kila mwanamume ni papa. Nikaita tena, wakageuka tena. Basi nikamwita kwa jina lake. Amisi! Amisi Radjabu! Sijawahi kulitamka jina la baba yangu hivyo maishani, hakuna mtoto wa watu wa Kasongo anayefanya hivyo. Nililitamka njia nzima mpaka Sake, na siku iliyofuata, na jana. Leo asubuhi nimefungua mdomo na hakuna kitu kilichotoka. Pumzi tu.

Dodo yuko hapa na mama yake. Anaita badala yangu.

Jumatatu, 5 Julai

Goma. Tumerudi. Nimezunguka misikiti yote, hospitali, makanisa yaliyopokea watu, watu wa msalaba mwekundu. Wana orodha ndefu za watoto waliopotea. Wazee hawako kwenye orodha. Mtu mmoja mezani aliniuliza: "Baba yako ana miaka ngapi?" Nikamwambia sabini na mbili. Akaweka kalamu chini.

Sauti imerudi kidogo. Ya kuongea. Leo tumejaribu mazoezi. Dodo akahesabu mpaka nne, Gloire akaingia, nami nikafungua koo kwa ule mlio wangu wa kawaida. Nikajiona tena njia ya Sake, magodoro yananipita. Nimetapika nyuma ya magunia.

Gloire akapunguza sauti ya gitaa mpaka ikawa ndogo sana. Akasema, "Imba tu ile unaweza." Nikaimba chini chini. Sikujua nina sauti hiyo. Inafanana na ya mama akitwanga majani ya sombe.

Jumamosi, 18 Septemba

Tamasha la kwanza tangu mlima upasuke. Nyimbo sita mpya, zote za polepole. Wimbo wa kwanza watu walisubiri uanze. Ulipokwisha walikuwa bado wanasubiri. Wa tatu wakaanza kupiga miluzi. Mtu mmoja akapaza sauti: "Tulikuja punk, hatukuja matanga!"

Nilimaliza zote sita.

Jumanne, 21 Septemba

Nimesoma maneno yao kwenye simu. Sikupaswa. Makoro imekufa. Makoro imelainika kama fufu. Sifa ametafuta mchumba. Sifa anataka kuimba chorale ya kanisa. Wazungu wamewanunua.

Mmoja ametuma sauti ya dakika nne. Anaitwa Kambale, ni motard, anabeba watu kwa moto, yaani pikipiki, kwenda Rutshuru na Bunagana. Hakutukana. Hiyo imeniuma zaidi. Alisema: "Mimi napita kila wiki mahali watu wanabeba silaha. Mbele ya barrière, pale wanafunga njia, naweka ile makelele yenu masikioni ndiyo napata roho ya kupita. Sasa munanipa usingizi. Nitapita na nini?"

Nimeisikiliza mara tano. Simchukii. Ninaitamani ile sauti yangu ya zamani kuliko yeye. Yeye amepoteza wimbo. Mimi nimepoteza koo, na mtu.

Ijumaa, 8 Oktoba

Ugomvi. Gloire ametunga wimbo wa kuwajibu. Wa zamani kabisa, mbio, matusi matupu: nani aliwaambia sisi ni redio yenu, rudini kwa mama zenu. Mzuri, Mungu anisamehe. Amerekodi kelele mwenyewe kwa sababu mimi siwezi.

Nimekataa utoke. Gloire akasema basi waambie ukweli. Nikasema Papa si tangazo. Akasema, "Sasa wanatuua na wewe unanyamaza." Akaondoka na gitaa lake. Dodo alibaki anafungua na kufunga skrubu ileile ya ngoma.

Nawatetea watu wanaonitukana. Kwa nini? Kwa sababu wanasema kweli. Tumebadilika. Hawajui tu sababu.

Jumapili, 24 Oktoba

Gloire alirudi na gitaa lake. Tumepiga leo mchana katika ukumbi wa shule. Mashabiki walikuwa wamepanga: nilipoanza kuimba, safu tatu za mbele ziligeuka zikatupa migongo. Migongo tu. Jaketi, begi, shingo.

Nikanyamaza. Dodo akaacha. Sikuwa nimepanga kusema. Nikawaambia: mwezi wa tano, njia ya Sake, nilimpoteza baba yangu. Anaitwa Muzee Amisi. Alikuwa na kofia nyeupe na koti la kijivu. Nilimwita mpaka koo likaisha. Hii ndiyo sauti iliyobaki. Hatuombi radhi kwa nyimbo hizi. Mkitaka kelele, pigeni ninyi leo, mimi niliimaliza.

Habari ya foto sikuwaambia. Hiyo ni yangu.

Wengine waligeuka tena wakatutazama. Wengine walitoka. Kisha alinifuata mtu mfupi, kofia ya pikipiki mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kambale mwenyewe.

"Yaya, dada yangu, pole. Pole sana."

"Asante."

"Lakini ile wimbo ya kwanza iko mubaya. Hata sasa."

Nimecheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu mlima.

Jumamosi, 30 Oktoba

Kambale amekuja nyumbani kuomba foto ya Papa. Anasema wenzake wa moto wanaenda kila mahali: Masisi, Kitshanga, Rutshuru, Bunagana. Atawatumia wote. Nilitaka kukataa. Matumaini yananichosha kuliko huzuni.

Nimempa ile ya Idi, Papa akiwa anakula tende.

Jumapili, 27 Machi 2022

Amepatikana.

Naandika tena ili niamini. Amepatikana. Kambale amepiga simu kutoka Bunagana, mpakani. Amemuona kwa macho yake. Siku ile Papa alipanda lori njiani kama mtu anayejua aendako. Likampitisha Kitshanga mpaka Rutshuru, akashuka, akapanda jingine. Mkulima mmoja, Mama Vumilia, alimkuta amekaa karibu na duane, ofisi ya forodha, akiuliza kila gari kama limeleta vitenge vyake. Akamchukua kwake. Miezi kumi. Mama huyo ni mkristo, lakini kila alfajiri anamwekea maji ya kutawadha, kwa sababu sala hakuisahau.

Papa hajui jina lake mwenyewe. Wanamwita Muzee Vitenge.

Kambale anarudi kulala Rutshuru. Kesho asubuhi naondoka Goma kwa basi dogo, ananisubiri pale, tunamalizia kwa moto wake. Nimefua kanzu ya Papa. Nimeikunja na kuikunjua.

Jumatatu, 28 Machi

Hatukufika.

Nilifika Rutshuru. Kambale alinipakia. Baada ya muda tukaona watu wanakuja. Kwanza wachache, kisha barabara nzima, magunia, kuku, watoto mgongoni. Waasi wameshambulia vilima vya juu alfajiri. Tulisikia mabomu. Si kama kwenye sinema. Ni kama mtu anaangusha kabati nyumba ya jirani.

Kambale akasimama. Nikamwambia twende. Akasema hapana. Nikamwambia wewe ndiye shujaa wa barrière, twende. Akageuza moto wake. Nikampiga ngumi mgongoni, nikashuka, nikaanza kutembea kinyume na watu. Na hapo kelele ikatoka. Ile ya zamani. Sikuita jina, niliita tu. Watu wakanipisha kama wanavyompisha mwendawazimu.

Kambale alinifuata kwa miguu akanishika kiwiko. Alilia pia. "Yaya, ukifia hapa, muzee atakuwa na nani?"

Tumerudi. Nilimwambia habari ya foto, na vijana watatu, na kucheka kwangu. Akasema akishindana na kelele ya upepo: "Kama ningekuwa pale, na mimi ningeomba foto."

Jumamosi, 9 Aprili

Ramadhani. Nafunga, sina njaa.

Siku kumi na mbili bila habari. Leo imenipigia namba ya Uganda. Mama Vumilia. Wamevuka wote, wako kambini karibu na Kisoro. Alimshika Papa mkono njia nzima. Hakuuachia. Alisema hivyo kwa kawaida tu, na mimi nikakaa chini sakafuni.

Akampa simu.

"Allo," Papa akasema. Sauti yake. Ileile.

"Papa, ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mutoto wa nani?"

"Wa Amisi. Amisi Radjabu wa Kasongo."

Akafikiri. Nilisikia watu nyuma yake, sufuria, mtoto analia.

"Amisi, namujua," akasema. "Mutu muzuri. Umusalimie."

Jumatano, 13 Aprili

Nimekwenda depo. Nimewaambia. Gloire akaweka uso kwenye gunia. Kisha tukapiga, kwa sababu hatukujua kitu kingine cha kufanya. Dodo alianza mbio, mbio ya zamani, bila kuuliza. Mimi nikabaki polepole juu yake. Nilijaribu mlio. Ukatoka, mfupi, mara moja, mwishoni. Haukuniua. Sikutaka wa pili.

Gloire ameandika kwenye ukurasa wetu, na nimekubali kila neno: "Mulitupenda tukiwa na kelele, asante. Ile kelele ilikuwa ya watu ambao hawajapoteza. Kama munayo bado, itunzeni. Sisi tunapiga ile tuko nayo."

Majibu: nusu wanatupongeza, nusu wanatuzika upya. Kambale ameandika: "Ngoma imerudi. Tutaona."

Nimepata karatasi za kusafiri. Nitapitia Rwanda.

Jumanne, 19 Aprili. Kisoro

Nimefika kambini saa nane. Mama Vumilia ni mwembamba, mrefu, mdogo kwa umri kuliko nilivyodhani. Tulishikana mikono muda mrefu.

Papa alikuwa kwenye mkeka mbele ya hema. Amekonda. Ndevu zote nyeupe. Nilimsalimia, akaitikia vizuri, akaniuliza habari za safari na kama barabara ina matope. Hakunitambua. Nilijua hivyo tangu Goma, na bado niliendelea kumtazama usoni kila alipogeuka, kwamba labda.

Nimemuosha miguu. Nimemkata kucha, zilikuwa ndefu. Alinipa mkono mmoja, halafu wa pili, bila kuuliza mimi ni nani.

Nitakaa hapa mpaka Idi. Baada ya hapo sijui. Kumrudisha Goma, au kusubiri, au nini. Dodo anauliza lini. Nimemwandikia: sijui.

Alasiri mvua imeanza, nzito, juu ya bâche, turubai la hema. Nilikuwa nimesimama ukingoni, nusu yangu inalowa. Papa alisogea. Akaupapasa mkeka kando yake, mahali pakavu, kama mtu anavyompa nafasi mgeni.

Nimekaa.