Burhani, Mshona Viti Asiyekaa

Mwaka mmoja umekatika, Baba Naseeb, tangu utoke nyumbani kwetu Mayfair, hapa Joburg, bila kuamrisha mtu avae viatu. Ilikuwa Jumamosi ya Septemba 2018, baada ya alasiri. Moyo wako ulisimama ukiwa karakana, wewe Burhani Othmani, mzaliwa wa Tanga, ambaye hatukuwahi kukuona umesimama mahali kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai.

Mwanetu Naseeb amesema niandike "sisi", kwa kuwa tangazo hili la kumbukumbu ni la familia nzima, si la mke peke yake. Nitajaribu.

Sisi tunakumbuka kazi yako. Ulishona viti vya magari, vya taksi na vya matajiri, na kila kiti ulikijaribu kwa kukikalia kidogo tu kisha ukainuka. Tunakumbuka wageni waliofika kutoka nyumbani wasioujua mji huu. Uliwapokea Park Station, ukawatafutia chumba Joubert Park, na kesho yake ukarudi kuwauliza kama wamelala vizuri.

Tunakumbuka Jumapili. Watu wengine Jumapili hupumzika. Wewe ukishaswali alfajiri ulianza: "Vaeni viatu." Tunakwenda wapi, hujasema. Mimi nilipenda kukaa, nalisema bila haya. Nilipenda kochi langu, na nilikununia njia nzima.

Julai 2017, binti yetu Nasra, muuguzi huko Uingereza, alitualika likizo. Alikodi nyumba ya mawe mashambani Devon, kondoo mpaka dirishani. Daktari alikuwa ameshakwambia upunguze mihangaiko, nami nikasema alhamdulillahi, hapa atatulia. Wapi. Siku ya kwanza ukatupandisha treni ya makaa ya mawe inayokwenda mwendo mfupi na kurudi pale pale, na ulipofika ukataka tuipande tena. Kesho yake tukaenda kwenye jumba la mabwana wa zamani, ambako viti vimezungushiwa kamba visikaliwe. Ukainama kukibonyeza kimoja, mlinzi akakuomba urudi nyuma. Halafu ile bustani ya vichochoro vya michongoma, ambamo watu huingia makusudi ili wapotee. Tukapotea kweli, mvua ikitunyeshea, wewe mbele unacheka, Naseeb nyuma analalamika, "Baba, eish, hapa tumeshapita."

Siku Nasra aliporudi kazini, ulichukua gari lake utupeleke kuona maporomoko ya maji. Alikuwa ametuelekeza vizuri: kwenye taa za kwanza za barabarani, tukate kushoto. Lakini sisi wa Joburg taa hizo tunaziita roboti, na tumeshasahau kwamba wenzetu hawaziiti hivyo. Tukajikuta kwenye vijinjia vyembamba, ua wa miti kulia na kushoto, simu haina mtandao, taa hatuzioni. Ukamsimamisha mzee mmoja wa trekta, ukamuuliza kwa Kiingereza chako cha adabu, roboti iko wapi. Mzee akafurahi kama mtu aliyekuwa anatungoja. Akatuambia tumfuate. Tukamfuata mpaka zizini kwake, akatukatia tiketi, akatuonyesha roboti yake: mashine inayokamua ng'ombe bila mkono wa mtu, na watalii huja kuitazama.

Naseeb alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka turudi. Wewe ulisimama, kwa mara ya kwanza katika safari ile. Ng'ombe alikuja mwenyewe alipotaka, lango likafunguka, akakamuliwa, akala, akaenda zake. Akaja mwingine. Uliwatazama kwa muda mrefu, mkono kifuani, kisha ukaniambia polepole.

"Tumu, hawa hawangoji kuitwa. Wewe siku nisipokuita, utatoka?"

Nilikukasirikia sana. Kulinganishwa na ng'ombe, tena ugenini, mbele ya mwanangu. Sikukusemesha mpaka jioni, na maporomoko yenyewe hatukuyaona.

Ulipoondoka nikakaa eda. Nilidhani hilo ningeliweza, maana kati yetu mkaaji nilikuwa mimi. Sikuweza. Nilitoka jikoni nikaenda dirishani, nikatoka dirishani nikarudi jikoni. Nikahamisha kabati, nikalirudisha. Eda ikaisha na miguu haikutulia. Hata kuandika haya nimeinuka mara nyingi bila sababu. Nakukumbuka mpaka nakasirika, Baba Naseeb, maana hukuniachia hata uvivu wangu.

Ndipo shemeji Khatibu, mdogo wako, akapiga simu kutoka Tanga. Kwa wema kabisa anasema nihame huku nirudi, chumba cha uani kipo, godoro jipya atanunua, nikae nipumzike kwa ndugu kwa kuwa ugenini sina wa kunitazama. Naseeb siku hizi anafanya kazi Randburg na anarudi amechoka. Naye anaona ni sawa, anasema huko nitatunzwa. Nasra kwenye simu analia tu. Wote wanataka jibu langu siku ya khitma yako. Kila nikiulizwa nainuka kwenda kuchemsha chai.

Khitma ni Jumapili hii, hapa nyumbani Mayfair, baada ya adhuhuri. Ndugu, jamaa na wateja wako wote wanakaribishwa.

Unakumbukwa na mkeo Tumu, wanao Nasra na Naseeb, mdogo wako Khatibu na nyumba yake yote ya Tanga, mafundi wenzako wa karakana, na majirani ambao bado wanauliza kwa nini Jumapili barabara yetu imekuwa kimya. Mwenyezi Mungu akurehemu na alipanue kaburi lako. Sisi hatutakusahau maisha yetu yote.

Na wewe shemeji Khatibu, kwa kuwa najua utasomewa haya kabla ya Jumapili, chukua jibu langu kabisa. Godoro usinunue. Tanga ninakuja mwezi ujao, kuwatembelea. Tiketi nimekwenda kuikata mwenyewe. Ni ya kwenda na kurudi.